Zambarau na Ngozi

Aloys hakukaa. Siku zote akifika dukani huvuta kigoda, huomba maji ya kunywa, husimulia vituko vya barabarani kutoka Mlolongo. Ijumaa hiyo alisimama mbele ya kaunta na kofia yake ya pikipiki kwapani, akatoa kichupa kisicho na jina kwenye mfuko wa jaketi, akakisukuma kwa kidole mpaka kikagusa mkono wa Ndila.

Ndila aliuza manukato ya kupima katika duka jembamba karibu na soko la Machakos. Mteja huchagua mafuta ayapendayo, Ndila humvutia kiasi kwa sindano, huongeza spiriti, hutikisa, mteja huyo akaenda zake akinukia. Aloys ndiye aliyekuwa akileta mafuta hayo. Aliyachanganya mwenyewe katika chumba alichopanga Mlolongo, akayasambaza kwa pikipiki hadi Masinga alikozaliwa. Kila akibuni kitu kipya, Ndila alikuwa wa kwanza kukinusa, na alichosema Ndila ndicho kilichofuatwa. Hii itauzika. Hii itawaumiza watu kichwa. Hii ni ya akina mama wa kanisani. Hivyo ndivyo walivyozoeana, na hivyo ndivyo, bila mmoja wao kulitamka, Ijumaa ilivyogeuka kuwa siku ya Ndila kuvaa blauzi yake ya samawati.

"Hii usiinuse kwa karatasi," Aloys alisema. "Jipake. Enda nayo nyumbani, kisha uniambie kesho."

"Kwani ya leo iko na nini? Mimi huwa nakuambia hapo kwa hapo."

"Hii inabadilika. Ukiihukumu saa hii utakuwa umeihukumu nusu."

Jumamosi ilikuwa zamu ya mwenzake Ndila dukani. Walikubaliana kuonana Kyumbi alasiri, kwenye hoteli ya kando ya barabara ambapo Aloys husimama kunywa chai. Ilikuwa mara yao ya kwanza kupanga kuonana nje ya duka lile. Wote wawili walilijua hilo, na wote wawili walijifanya wanaangalia kichupa.

Ndila alijipaka shingoni na kwenye kifundo cha mkono. Kilichompanda puani kilikuwa zambarau, zile zilizoiva kupita kiasi, zinazoanguka zenyewe na kuchafua ardhi rangi, tamu na kali kidogo kwenye koo. Alicheka kabla hajajizuia. Zamani, siku moja ya mvua dukani, aliwahi kumwambia mwanaume huyu kwamba utotoni alikuwa akichapwa kila msimu kwa ajili ya zambarau za jirani, maana ulimi ulikuwa ukimsaliti. Alikuwa amesahau kwamba alisema. Aloys hakuwa amesahau.

"Ni nzuri," alisema.

"Sijauliza bado," Aloys akajibu. Alimtazama akicheka, kwa kitambo kilichozidi kidogo kile kinachostahili mtu na mteja wake, kisha akavaa kofia na kutoka.

Ndila alipofika nyumbani, kijijini juu ya Kyumbi, zambarau zilikuwa zimeanza kufifia.

Aliishi katika boma la marehemu mumewe, Kimeu, aliyefariki kwa homa ya ghafla kabla hawajajaliwa mtoto. Huu ulikuwa mwaka wa nne. Baada ya mazishi watu walitarajia Ndila arudi kwao, kwa kuwa hakukuwa na kilichomfunga pale, lakini jioni ile wageni walipotawanyika alimkuta mama mkwe wake, Katunge, amekaa jikoni mbele ya sufuria tupu, akawasha moto. Kesho yake wakapika tena. Hakuna aliyemwomba abaki, wala yeye hakuamua. Walipika tu, jioni baada ya jioni, wanawake wawili, na kila mmoja akalala nyumbani mwake, nyumba zikitazamana kuvuka ua. Alimwita Mwaitu, yaani mama, na hakuwa akimwita hivyo kwa desturi peke yake.

Jioni hiyo hakutulia. Alimpa ng'ombe maji, akasahau, akampelekea tena. Alitia isyo, mahindi na maharagwe ya jioni, chumvi mara ya pili, Mwaitu akaonja, akaweka kijiko chini na kuuliza kama anaumwa. Ndila akasema ni baridi ya Julai. Alivuta sweta mpaka shingoni na kukaa upande wa pili wa moto, mbali kuliko kawaida, kwa maana chini ya zambarau kulikuwa na kitu kingine kinachokuja, na alikuwa anaanza kukitambua.

Ilikuwa ngozi. Si ngozi ya kiatu kipya cha dukani. Ngozi iliyovaliwa, iliyopigwa na jua na upepo wa barabara, yenye moshi kwa mbali. Alijua alikoinusa. Kila Ijumaa, Aloys akiinama kaunta kuhesabu vichupa, jaketi lake lilinukia hivyo hivyo.

Alikasirika kwanza. Akajiambia kwamba ni utundu, kwamba mwanaume hana haki ya kumpaka mtu harufu yake na kumrudisha nayo kwa mama mkwe. Kisha akajikuta ameinua mkono puani tena. Alipoingia kulala alivua sweta, akalitundika mlangoni, akainuka na kulichukua, akaliweka kando ya mto. Alijitetea kwamba ni kazi. Kwamba ameombwa aifuate harufu mpaka mwisho wake. Usingizi ulimpata kumekaribia kucha, uso wake ukiwa kwenye ile sufu.

Asubuhi Katunge alivuka ua na jagi la maziwa, kama kila asubuhi. Alisukuma mlango, akaweka mguu mmoja ndani, akasimama.

Ndila alikuwa anafunga leso. Alimwona Mwaitu akigeuza kichwa taratibu, kama mtu anayesikiliza, akitazama kitanda, kisha nyuma ya pazia, kisha kitanda tena.

"Ndila," alisema kwa sauti ya chini. "Nani amelala hapa?"

"Hakuna mtu, Mwaitu."

"Kuna mwanaume alikuwa hapa. Mimi nilikuwa na bwana, nilikuwa na kijana. Najua vile nyumba hunukia mwanaume akitoka."

Ndila akasema ni pafyumu. Akaeleza kwamba ni ya kazini, kwamba alipewa aijaribu. Akampa mkono anuse, lakini kwenye ngozi yake palikuwa pamebaki sabuni tu; harufu ilikuwa imehamia yote kwenye sweta, na sweta lilikuwa kitandani, penye mto. Mwaitu aliliinua, akalinusa, akalikunja vizuri na kuliweka kwenye kiti. Hakupaza sauti. Alisema tu kwamba ametumia pafyumu tangu akiwa msichana, na hajaona ya mwanamke inayonukia koti la dereva. Akatoka na maziwa yake.

Ingekuwa afadhali angemtukana. Ndila alisimama mlangoni akimwona anavuka ua na jagi lililojaa, na kwa mara ya kwanza tangu msiba aliliona boma lile kama mahali anapoweza kufukuzwa.

Kabla jua halijapanda sana alifika Mzee Henry. Alikuwa mdogo wa marehemu baba yake Kimeu, mtu wa kanisa, mtu wa fimbo na kofia, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo tangu kaka yake alipozikwa. Ndila hakujua kama Mwaitu alimwita au alikuwa anapita tu. Alikaa uani, akakataa chai, na hilo pekee lilitosha kumwambia mtu kwamba ni kesi.

Hakuwa mkali. Alizungumza akiangalia ncha ya fimbo yake. Alisema hakuna anayemkataza Ndila kuolewa. Sheria ya kanisa iko wazi, na hata ya Akamba. Mwanamke akitaka kuolewa, husema, hurudi kwao, wazee hukaa, mambo yakaisha kwa heshima. Kisichowezekana ni mwanaume kuingia boma la marehemu kwa mlango wa nyuma.

"Kaka yangu aliniachia hii boma nichunge," alisema. "Kimeu akafa nikiwa nachunga. Sitaki kuambiwa kwamba hata jina lake lilichezewa nikiwa hapo hapo."

Kulikuwa na uchungu wa kweli katika maneno hayo, na Ndila, aliyekuwa amejiandaa kwa ugomvi, hakupata mahali pa kuushikia. Aliona njia mbili. Angeweza kunyamaza, na Henry angeondoka akiamini kwamba mwanaume alilala nyumbani mwake. Au angeweza kuleta kile kichupa, na kichupa kisicho na jina lazima kiulizwe kilitoka wapi. Ukweli ungemsafisha kwa hili na kumfunga kwa lile.

Aliingia ndani akakileta.

"Inatengenezwa na mtu mmoja wa Mlolongo," alisema kabla hajaulizwa. "Anaitwa Aloys. Alinipa jana kazini. Hajawahi kufika hapa. Mwaitu, lete mkono."

Katunge alisita, kisha akautoa. Ndila alimpaka tone moja kwenye kifundo, mahali ambapo mishipa ya mama yule ilikuwa imesimama kama mizizi, akamwomba asinawe mpaka baada ya chakula cha mchana. Henry akasema hakuja kungoja harufu. Lakini alipoona shemeji yake amenusa mkono wake na uso umelegea kidogo, hakusimama.

"Hii ni zambarau," Katunge alisema.

"Ngoja, Mwaitu."

Wakangoja. Ilikuwa asubuhi ya ajabu kuliko zote ambazo Ndila aliwahi kupitisha pale. Katunge alivuta ungo wa mbaazi na kuzikoboa, mkono mmoja ukifanya kazi na mwingine ukiwa umewekwa kando ya goti kama kitu cha kuazima. Kila mara aliuinua puani akidhani haonekani. Henry alisoma gazeti la wiki iliyopita. Ndila alifagia ua uliokuwa umefagiliwa, akapanga kuni, akazipangua, akaenda langoni kutazama njia isiyokuwa na mtu. Ndani yake mambo mawili yalikuwa yanavutana: alitaka ngozi ije haraka ili asafishwe, na alitaka zambarau zibaki, kwa sababu ngozi ikija, watu hawa wawili wangemnusa Aloys kama yeye alivyomnusa, na wangejua.

Mbaazi zilipokuwa motoni, Katunge aliacha mwiko. Alinusa mkono, akaushusha, akaunusa tena.

"Henry," alisema, "kuja."

Mzee akasema si heshima yeye kunusa mkono wa mke wa kaka yake. Katunge akamwambia heshima aliivunja alipokubali kuja kuchungulia kitanda cha mkaza mwana. Basi Henry aliinuka, akainamisha kichwa mbele ya mkono ule, mikono yake mwenyewe ikiwa nyuma kama anayekagua ng'ombe mnadani. Alirudi kitini, akavua kofia.

"Hakuna mtu alilala kwa Ndila," Katunge alisema. "Mimi ndiye nilikosea. Nilimwonea mtoto."

"Hiyo imeisha," Henry akakubali. "Lakini huyo Aloys hajaisha."

Katunge alimgeukia Ndila. Macho yake hayakuwa na hasira tena, na hapo ndipo Ndila alipoogopa kweli.

"Unampenda?"

"Sijui, Mwaitu. Tangu jana sijatulia. Nikikaa nataka kusimama, nikisimama nataka kukaa."

"Hiyo si jibu ya mtu hajui," Katunge alisema. Alikoroga mbaazi kwa muda. Kisha akauliza ni lini anamwona, na Ndila akasema ni leo, Kyumbi, alasiri. Mwaitu akafunika sufuria. "Basi umlete hapa. Mtu akiweza kufikisha harufu yake kwangu, afikishe na miguu."

Aloys alikuwa ameshafika hotelini, chai yake imepoa na kufanya utando. Alisimama alipomwona, akagonga meza kwa goti. Malori ya kwenda Mombasa yalikuwa yakipita na kutikisa vikombe. Ndila alikaa, hakumsalimu, akakiweka kichupa katikati ya meza.

"Niliombwa nihukumu," alisema. "Nihukumu?"

"Hukumu."

"Inaanza vizuri kuliko yote umewahi kuniletea. Nilicheka, uliniona. Lakini zambarau zinaondoka mapema. Zikiondoka hakuna kitu inazipokea, ni ngozi peke yake mpaka asubuhi. Mwanamke anatoka dukani akiwa yeye, anafika kwake akiwa wewe." Akaona kwamba amesema wewe, akaendelea hivyo hivyo. "Leo asubuhi mama mkwe wangu alidhani nimelaza mwanaume. Nimekalishwa kesi, Aloys. Kwa ajili ya tone moja."

Aloys aliomba msamaha, akataka kujua ni nani aliyemkalisha, akasema angekuja mwenyewe kueleza, maneno yakigongana. Ndila alimwacha amalize. Kisha akamuuliza anataka kuiuza kwa bei gani.

"Sikuitengeneza ya kuuza." Alikuwa anatazama mikono yake. "Zambarau ni zako. Ngozi ni yangu, hii jaketi, sikuwa na kingine changu cha kutia. Nilitaka kuona kama zinaweza kukaa chupa moja. Ni ujinga. Ningekuambia tu kwa mdomo, lakini kila Ijumaa mdomo unakataa."

Maneno ambayo Ndila aliyangoja mwaka mzima yalikuwa mezani, kati ya sukari na chai iliyopoa, na bado moyo haukukaa.

"Hazikukaa," alisema. "Ndiyo nakuambia. Wewe ulibaki, mimi nikaisha. Niliolewa mara moja, Aloys, na mtu mzuri, sikudanganyi. Lakini akifa nilikuwa mke wa Kimeu tu, sikuwa najua hata chai yangu napenda na sukari ngapi. Nimejitafuta hapa polepole. Siwezi kuisha tena."

Lori lilipita, likafuatwa na jingine. Aloys alikichukua kichupa, akakifungua, akakinusa yeye mwenyewe kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma mahali alipokosea.

"Uko sawa," alisema mwishowe. "Sikuona. Mimi nikinusa najua zambarau ziko, kwa sababu nilizitia. Sikufikiria mtu anayeivaa." Akakifunga. "Naweza kuirudia. Si kesho. Inataka kujifunza. Lakini nitakuwa nakuuliza, kila hatua, na ukisema hapana ni hapana."

"Na nikisema hapana ya mwisho?"

"Nitaumia. Bado nitakuletea mafuta Ijumaa."

Alisema hivyo bila kuinua macho, na ni hilo, si zambarau wala ngozi, lililomtuliza Ndila kwa mara ya kwanza tangu jana. Alimwambia amalize chai. Alimwambia kwamba nyumbani kuna watu wawili wanamngoja, na kwamba mmoja ana fimbo.

Aloys alisukuma pikipiki kwa mikono, Ndila kando yake, kutoka barabarani mpaka langoni, asije akaingia boma la watu na kelele. Henry alikuwa bado pale, ameketi wima, kofia imerudi kichwani. Katunge alikuwa amebadilisha kitambaa cha kichwa. Ndila aliliona hilo, akaelewa kwamba Mwaitu naye hakuwa ametulia.

Aloys aliwasalimu kwa Kikamba, akiinama, na Katunge alimuuliza yeye ni wa wapi. Alipotaja Masinga, mama akasema huko ni kwa watu wa samaki. Aloys akakiri kwamba amevua sana kwenye bwawa akiwa kijana, na kwamba hata leo hapendi samaki. Kitu kilitaka kutabasamu kwenye mdomo wa Katunge, kikazuiwa.

Henry hakuwa na haja na samaki. Alimtazama Aloys kuanzia viatu hadi jaketi, hasa jaketi.

"Umekuja kuchukua nini hapa?"

Aloys alifungua mdomo. Ndila alimtangulia. Hakuwa amepanga, miguu yake ilikuwa imemsogeza mpaka katikati ya ua, mahali ambapo wageni husimama wakitambulishwa, na hapo alisimama yeye, mwenyeji.

"Hakuja kuchukua, Baba. Mimi ndiye nimemleta. Mwaitu ameniuliza asubuhi kama nampenda, nikasema sijui. Nilidanganya. Nampenda. Sijui kama nitaolewa naye, hajaniuliza, na akiniuliza leo nitamwambia angoje. Lakini nampenda, na sitaki mtu alisikie kutoka kwa sweta."

Kuku walipita. Aloys alikuwa amevua kofia ya pikipiki na kuishika kwa mikono miwili mbele yake, na macho yake, ambayo kila Ijumaa yalikimbilia vichupa, yalikuwa yamemkalia Ndila bila kuondoka.

Henry ndiye aliyeanza. Alisema kwamba hilo sasa ni neno la mchana, na neno la mchana lina njia yake. Alisema bado halipendi. Kisha akasema ana mkutano kanisani, akainuka, akapita kando ya Aloys, na alipofika langoni alisimama akaikagua ile pikipiki kidogo, akaenda.

Katunge alimpa mgeni maji ya kunywa, hakumpa chakula. Alipomaliza kunywa alimwambia asikae mpaka usiku ukaingia. Akiwa na nia ya kurudi, arudi Jumapili ya mbele baada ya misa, na mtu mzima wa kwao. Asije tena peke yake akisukuma pikipiki kama anayeuza sufuria. Aloys akasema atakuja na mjomba wake. Akamuaga Ndila kwa kichwa tu, kwa heshima ya mama, na kichwa kile kilisema mengi kiasi kwamba Ndila alilazimika kutazama pembeni.

Walibaki wawili. Jua lilikuwa limeegemea magharibi, na moto wa jikoni ulitaka kuni. Ndila aliziingiza, akapuliza, akakaa. Mwaitu alikuja kukaa upande ule ule, bega kwa bega, akaanza kupakua mbaazi na kusahau katikati.

"Sijakubali," alisema. "Nimesema tu aje."

"Nimesikia, Mwaitu."

Mwiko ukagusa sufuria, ukatulia.

"Huko Mlolongo ni mbali?"

"Si mbali sana."

"Mtu akiolewa huko na kutoka asubuhi, anaweza kufika hapa saa ya kupika?"

Ndila alimtazama. Katunge alikuwa ameinamia sahani, lakini moshi haukuwa mwingi kiasi cha kuyatoa machozi yale.

"Anaweza," alisema.

"Kila Jumapili?"

Ndila alichukua mwiko kutoka mkononi mwake, akampakulia Mwaitu kwanza, kisha akajipakulia, akasogea karibu zaidi.

"Na Jumatano," alisema.